Walimu Waulizao: Wanachuo wa mazoezi wakifika shuleni kwako

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka mkoa wa Tanga, na karibu zote zinahusu wanachuo wa ualimu waliopangiwa mazoezi ya kufundisha, hasa wale wanaosimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza. Tumechagua sita. Majina ya waandishi na ya shule tumeyaacha. Wanaojibu ni jopo la wakufunzi na walimu walezi wa safu hii.

Nimekabidhiwa wanachuo wawili wa mwaka wa kwanza. Mwalimu mkuu anasema niwaachie vipindi vyangu vyote kuanzia Jumatatu, kwani shule ina upungufu wa walimu na mimi nina kazi nyingine. Je, ni sawa? – Mwalimu wa Darasa la Tatu, Pangani

Si sawa, ingawa shida ya mwalimu mkuu tunaielewa. Piga hesabu naye. Darasa lenye watoto 90, ukisahihisha kila daftari kwa dakika moja tu, ni saa moja na nusu kwa zoezi moja. Ongeza muda wa kuandika andalio la somo, ambao kwa mgeni wa kazi si chini ya saa nzima. Mwanachuo mwenye vipindi vitano kwa siku hawezi kumaliza hayo hata akikesha. Atafanya analoliweza: kunakili kitabu cha kiada ubaoni na kuwaambia watoto waandike. Ukirudi baada ya wiki tatu utakuta darasa limeharibika na yeye hajajifunza lolote ila kunakili.

Siku ya kwanza mpe vifaa vya kazi: ratiba, muhtasari wa somo, azimio lako la kazi (mpango wa mada na wiki za kuzifundisha), shajara (kumbukumbu ya yaliyofundishwa), daftari la mahudhurio na vitabu. Mwoneshe azimio limefika wapi. Kisha mtambulishe darasani kama mwalimu. Ukisema “huyu ni mwanafunzi kama ninyi, amekuja kujifunza”, umemnyang'anya darasa kabla hajalipata.

Siku tatu za mwanzo watazame, lakini wasikae nyuma bure wakichezea simu. Kila kipindi kiwe na kitu kimoja cha kutazama. Siku ya kwanza: ni mambo gani unayafanya tangu kengele inapolia hadi madaftari yote yamefunguka? Siku ya pili wachore mpangilio wa madawati na kuweka alama kila mtoto anapoitwa kujibu. Mara nyingi mchoro huo hujaa alama mstari wa mbele na katikati, pembeni pakawa peupe, na hata wewe mwenyeji unaweza kushtuka ukiuona. Siku ya tatu wapitie madaftari matano, moja la mtoto mwepesi, matatu ya wastani, moja la anayesuasua, waandike kosa linalojirudia.

Baada ya hapo gawa kipindi vipande. Mwanachuo aanze na utangulizi tu, dakika tano, wewe uendelee. Siku inayofuata asimamie kazi ya vikundi. Kisha afundishe kipindi kizima huku mwenzake akizunguka kusaidia na kuandika anachokiona. Wiki ya pili kipindi kimoja kizima kwa siku kinatosha, wiki ya tatu viwili. Usivuke nusu ya vipindi vyako mpaka uone anasahihisha kazi zote bila kulimbikiza. Na wewe usiondoke darasani. Darasa bado ni lako, na likitokea jambo utaulizwa wewe.

Usitarajie mapema kwamba atawawaza watoto. Mtafiti wa Marekani Frances Fuller aliandika mwaka 1969 kwamba mwalimu mchanga huanza kwa kujiwazia mwenyewe: wananionaje, watanitii, nitafaulu? Kuwaza kama watoto wanajifunza huja baadaye. Kwa hiyo wiki ya kwanza ukimwona anasoma andalio neno kwa neno, usimwandikie kwamba hajali.

Walimu wangu, shikamooni. Niko Muheza kwa mazoezi. Andalio langu mkufunzi amelisifu, lakini darasani muda unaniishia kabla sijafika kwenye zoezi. Nikiuliza “mmeelewa?” wote wanajibu ndiyo. Nikisahihisha nusu wamekosa. Ni Hisabati Darasa la Tatu, somo la sehemu, watoto 86. – Mwalimu wa mazoezi

Marahaba, mwalimu. Una matatizo mawili, na dawa zake hazifanani.

Tuanze na muda. Kwenye andalio umeandika “dakika 5, dakika 15”. Pembeni yake andika kwa penseli saa yenyewe: 2:40, 2:45, 3:00. Ukiwa umesimama mbele ya watoto 86 huwezi kujumlisha dakika kichwani, lakini saa ukiitupia jicho utajua umechelewa. Kisha tafuta kinachokula kipindi. Kwa wanachuo wengi ni vitu vitatu. Cha kwanza ni kugawa madaftari kwa kuita jina mojamoja. Viranja wa safu wayagawe kabla hujaingia. Cha pili ni kuchora ubaoni huku watoto wakikutazama mgongo; michoro iwe tayari kwenye karatasi ya manila, au ichore wakati wa mapumziko. Cha tatu ni wimbo wa utangulizi unaorudiwa mara nne kwa sababu darasa limechangamka na wewe umefarijika. Ukishaona umechelewa, kata mfano wa tatu, wala usikate zoezi. Punguza maswali yawe matatu, lakini kila mtoto aandike.

Andalio nalo lipange kuanzia mwisho. Andika kwanza maswali ya zoezi, yajibu mwenyewe, ndipo ujiulize mtoto anahitaji kuonyeshwa nini ili ayaweze. Lengo linalosema “mwanafunzi aelewe sehemu” halipimiki. Andika kwamba kila mwanafunzi aweze kuandika sehemu iliyotiwa kivuli, angalau michoro minne kati ya mitano. Hapo utajua mwenyewe mwisho wa kipindi kama umefundisha.

Sasa kuhusu zana. Muheza machungwa hayana shida, na tunajua wengi wenu mnayatumia kufundishia sehemu. Yafaa kuanzia, lakini yana mtego: chungwa likikatwa kwa haraka hutoa vipande visivyolingana, na mtoto anatoka akiamini kwamba robo ni kipande chochote kati ya vinne. Karatasi ikikunjwa katikati, kisha katikati tena, inatoa robo nne zilizo sawa, na mtoto anaweza kuzipachika moja juu ya nyingine akahakikisha. Kwa watoto 86 wakikaa wawiliwawili unahitaji karatasi 43, ambazo madaftari ya zamani mawili matatu yanatosha kuzitoa.

“Mmeelewa?” si swali la kupima. Mtoto anayejibu “hapana” mbele ya wenzake 85 ni shujaa, na mashujaa ni wachache. Badala yake chora sehemu ubaoni, sema: “Nionyesheni kwa vidole asili ya sehemu hii, yaani namba ya chini, vidole vikae kifuani.” Vikikaa kifuani jirani haoni, na wewe unayeangalia kutoka mbele unawasoma karibu wote kwa sekunde kumi. Kisha kiasi, namba ya juu, hivyohivyo. Ukiuliza swali la mdomo, nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu na wanaojitokeza kujibu wanaongezeka. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 85 wameshapumzika.

Kusahihisha: usikae mezani ukisubiri foleni. Watoto wakianza swali la pili, wewe unazunguka na kalamu nyekundu ukisahihisha la kwanza.

Sisi walimu wawili tulimtazama mwanachuo mmoja, kipindi kimoja, kwa fomu moja. Mwenzangu alimpa 81, mimi 56. Mwanachuo ameona zote mbili na amekasirika. Nani amekosea? – Mtaaluma, Jiji la Tanga

Pengine hakuna aliyekosea kwa makusudi. Mlitazama vitu tofauti. Mwenye 81 huenda aliona sauti nzuri, ubao nadhifu, chati za rangi na andalio lisilo na doa. Mwenye 56 huenda alifungua madaftari ya watoto. Tena mtu akivutiwa na jambo moja huelekea kupandisha mengine yote. Edward Thorndike alilionyesha hili mwaka 1920 akichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao: aliyesifiwa kwa sifa moja alisifiwa na kwa zile ambazo hazina uhusiano nayo. Kinyume chake nacho hutokea. Mwanachuo aliyechelewa asubuhi anaweza kunyimwa alama za kuuliza maswali saa nne.

Tiba yake ni kuandika kwanza na kutia alama baadaye. Chukua karatasi, ipige mistari upate safu tatu: saa, mwalimu anafanya au anasema nini, watoto wanafanya nini. Andika unachokiona na kukisikia tu. “Darasa lilichangamka” ni hukumu. “Saa 3:10, mikono 11 juu, aliita wanne, wote mstari wa mbele” ni ushahidi. Kila baada ya dakika tano inua kichwa, hesabu haraka wangapi wanafanya kazi waliyopewa, andika namba. Kaa pembeni karibu na dirisha, siyo nyuma kabisa. Ukikaa nyuma unaona visogo tu, na uso wa mtoto ndio unaoeleza kama amepotea. Ingia kabla kipindi hakijaanza. Anayeingia dakika ya 15 hawezi kupima utangulizi, ingawa fomu nyingi tumezikuta zimejazwa kigezo hicho hata hivyo.

Kipindi kikiisha, kila mmoja ajaze fomu yake peke yake, kigezo kwa kigezo, na kwa kila alama aoneshe mstari wa maandishi yake unaoitetea. Kigezo kisicho na ushahidi kiache wazi, kisha mwulize mwanachuo. Ndipo mkutane, kabla ya kuzungumza naye. Mkitofautiana kwa ngazi moja katika tano, si tatizo. Mkitofautiana kwa mbili au zaidi, rudini kwenye maandishi ya wote wawili. Msigawanye katikati kwa ajili ya amani: 81 na 56 wastani wake ni 68.5, alama ambayo hakuna kati yenu anayeiamini.

Bora zaidi mkubaliane mapema kila ngazi ina maana gani. Kwa kigezo cha maswali, kwa mfano, ngazi ya 1 iwe maswali ya ndiyo na hapana yanayojibiwa kwa pamoja. Ya 3 iwe maswali yanayohitaji maelezo, lakini wanaojibu ni walewale. Ya 5 iwe anauliza, anasubiri, anaita watoto wa pande zote, na jibu lenye kosa analitumia kufundishia badala ya kulipita. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja kwa vigezo vyote, na fomu ya chuo haibadiliki hata nukta.

Iangalieni pia fomu yenyewe. Ikiwa andalio, zana, mavazi na mwandiko wa ubaoni kwa pamoja vinabeba nusu ya alama, mtu anaweza kufaulu bila mtoto hata mmoja kujifunza. Fomu si yenu kuibadili, lakini nafasi ya maoni ipo chini: andikeni pale kwamba kati ya madaftari kumi mliyoyafungua, sita yana jibu sahihi, au mawili.

Kuhusu hasira ya mwanachuo: mpeni alama moja, mliyoafikiana, pamoja na karatasi za ushahidi. Na kwa maoni yetu, ambayo wakufunzi wengine hawakubaliani nayo, anayemlea kila siku asiwe ndiye peke yake anayetoa alama ya mwisho. Mwanachuo akijua kila anachokuuliza kitahesabiwa, ataacha kuuliza.

Nikimweleza makosa yake analia. Mwenzake yeye hubisha kila kitu. Nifanyeje? – Mwalimu mlezi, Lushoto

Kwanza jiulize unamwelezea wapi. Stafurumu mbele ya walimu sita si mahali pake, na mbele ya watoto ndiyo kabisa. Tafuteni darasa tupu, siku hiyohiyo, dakika 15 hadi 20. Aanze yeye: somo lilikwenda alivyopanga? Ni wapi palimshinda? Mara nyingi atalitaja mwenyewe kosa ulilotaka kumwambia, na hapo hakuna cha kulilia wala kubishia. Kwa mbishi weka karatasi ya ushahidi mezani: “Saa 4:20 uliwapa zoezi, saa 4:31 watoto 40 walikuwa hawajaanza. Unadhani kwa nini?”

Chagua jambo moja la kudumisha na moja la kubadili. Ukimpa tisa atarudi darasani na hofu tisa. Jambo la kubadili lifanyieni mazoezi palepale: kama ni maelekezo marefu, ayatoe upya kwako kwa sentensi tatu, wewe ukiwa mtoto. Andikeni kwenye daftari moja mnalolitumia wote wawili, na kipindi kinachofuata utazame hilo tu.

Usimkatize akiwa anafundisha, isipokuwa kuna hatari au anafundisha kosa. Kosa likitokea, mpe kikaratasi, au sema kwa adabu, “Mwalimu, tunaomba turudie mfano wa pili.” Wengi hulishika.

Ulitaja pia, kwa kupita, kwamba watoto wako wa Darasa la Kwanza wanaongea Kisambaa nyumbani na mwanachuo ametoka mkoa mwingine. Hilo lipime kwa haki. Ukimya wa watoto hao si lazima uwe udhaifu wake. Msaidie kuandaa orodha ya maneno 20 hivi ya Kiswahili atakayoyahitaji wiki hiyo, ayafundishe kwa vitu halisi na vitendo kabla ya kuingia kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na kumbuka kipindi cha darasa hilo ni dakika 30, siyo 40.

Mwanangu amechapwa na mwalimu wa mazoezi. Ana ruhusa hiyo? – Mzazi, Ngamiani

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeweza kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, vinaandikwa kwenye kitabu maalumu, na mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa kama shuleni hayupo. Kwa hiyo uliza: ruhusa ya maandishi iko wapi, na kitabu kimeandikwa? Anza kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata. Mtoto akiwa ameumia, usisubiri kikao. Chukua PF3, fomu ya matibabu ya polisi, umpeleke hospitali.

Kwa walimu wakuu wanaosoma hapa: msiwape wanachuo ruhusa hiyo, na mliseme siku ya kwanza bila kuzunguka. Mwezi Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mkoani Mbeya ilisambaa nchi nzima. Kijana aliyelemewa na darasa kubwa hushika fimbo kwa sababu hajafundishwa kitu kingine. Mfundisheni: ishara moja ya kunyamazisha isiyobadilika, kazi fupi iliyo tayari ubaoni watoto wanapoingia, na kusogea karibu na anayepiga kelele bila kukatiza somo.

Tunafika shuleni mara mbili tu katika kipindi chote cha BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Somo tunaloliona linapendeza mno, watoto wanajibu kabla swali halijaisha. Tutajuaje kama limefanyiwa mazoezi? – Mkufunzi, Korogwe

Fungua madaftari. Kichwa hichohicho cha somo kikiwepo na tarehe ya juzi, mmeonyeshwa marudio. Linganisha shajara na azimio la kazi: somo la leo lilipaswa kufundishwa lini? Uliza mtoto swali lililosogea hatua moja. Kama somo lilikuwa 24 + 13, uliza 24 + 31. Kisha omba maandalio ya wiki mbili zilizopita, usome sehemu ya tathmini. Yakiwa yote yanasema “somo limeeleweka kwa asilimia 80”, kwa wino mmoja na mwandiko wa haraka mmoja, yaliandikwa usiku mmoja. Tathmini ya kweli ina majina ya watoto na kosa lao: “Wanane wamejumlisha makumi kabla ya mamoja, nitarudia kesho kwa vijiti.”

Lakini msimlaumu mwanachuo peke yake. Alama zake zote zikitegemea vipindi viwili, atavipamba hivyo viwili. Ombeni chuo kihesabu pia maandalio yenye tathmini, sampuli za kazi za watoto zilizosahihishwa, na daftari la ushauri la mwalimu mlezi. Na mkifika, baada ya somo mlilotayarishiwa, kaeni mtazame na kipindi kinachofuata. Hicho hakikuandaliwa kwa ajili yenu.

Daftari hilo la ushauri litawafaa pia kwa mwanachuo anayeelekea kufeli. Mwalimu mlezi asingoje wiki ya mwisho. Nusu ya muda ikifika na bado hawezi kumaliza kipindi wala kusahihisha, mkuu wa shule apige simu chuoni, na mwanachuo aandikiwe mambo mawili ya kurekebisha, tarehe ya kutazamwa tena, na msaada atakaopewa. Wote watatu watie saini, nakala moja ibaki naye. Tofautisheni asiyeweza bado na mwenye utovu wa nidhamu: utoro, ulevi na mahusiano na wanafunzi havingoji tarehe ya kutazamwa tena, vinapelekwa chuoni siku hiyohiyo kwa barua.